Mama Domitille Kabulo, Aliyetafuta Wateja Kwenye Mvua

Ndugu, majirani, na ninyi wateja mliofunga maduka yenu ili mfike hapa, tunaomba mtuvumilie kidogo. Huyu tunayemsindikiza leo hakupenda maisha ya mtu yasimuliwe haraka haraka. Angekuwa amekaa hapa, angetukatiza kila mstari ili aulize jambo.

Mama Domitille Kabulo alizaliwa Kongolo tarehe 14 Machi 1968, binti wa Papa Urbain, mfanyakazi wa reli, na Mama Élisabeth, mkulima wa mihogo. Utotoni alikuwa akiponyoka kwenda stesheni kuuliza abiria wamebeba nini na wanampelekea nani. Siku moja alimfuata mama mmoja aliyekuwa na kikapu kilichofunikwa, akiuliza na kuuliza, mpaka akajikuta ndani ya behewa na treni imeshaondoka. Alirudishwa kesho yake. Baba yake alikuwa amekasirika kweli, lakini kabla hajafungua mdomo mtoto alikuwa ameanza kumweleza habari za bata waliokuwamo kikapuni.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Kongolo. Mwaka 1981 baba yake alihamishiwa Kalemie, na hapa ndipo Domitille alipomaliza sekondari, sehemu ya ushonaji, mwaka 1987. Mwalimu wake alimweka kiti cha mbele kabisa. Hakuwa mkaidi, mwalimu alichoka tu kujibu maswali kwa kupaza sauti.

Papa Léon Mukalay alikuwa akishona maturubai bandarini. Domitille alipita, akaona sindano iliyopinda, akasimama kuuliza ni ya nini. Kesho yake akarudi na swali la uzi. Mara ya tatu hakuwa na swali lolote, alikuja tu, na Léon, mtu mwenye haya hadi leo, ndipo alipopata nafasi ya kuuliza la kwake. Walifunga ndoa hapa Kalemie tarehe 22 Agosti 1992.

Mwaka 1996 walifungua atelie yao, karakana ya ushonaji, karibu na daraja la Lukuga. Hawakushonea nyumba za watu; waliwashonea wafanyabiashara maturubai ya malori, ya boti na ya maghala. Kwa miaka mingi kampuni moja ya usafirishaji ilichukua karibu yote waliyoshona, nao wakaridhika. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilifunga ofisi yake mjini. Hapo ndipo walipogundua kwamba wateja wao wote walikuwa mteja mmoja, na ameshaondoka. Mafundi waliinamisha vichwa kila mmoja kwenye mashine yake, wakisubiri kuambiwa waende nyumbani.

Mama Domitille aliwaambia: "Hakuna muntu atafukuzwa hapa. Munipe tu musimu moja ya mvua."

Wakati watu wote wanakimbilia barazani, yeye ndipo alipotoka. Alitembea katikati ya mji amelowa chapachapa, akichungulia nyua na maghala. Kuna waliosema huzuni imempanda kichwani. Mwenye duka moja la saruji alimkuta mlangoni maji yakimtiririka.

"Mama, unatafuta nini mu mvua hii?"

"Natafuta kujua, Papa. Mvua ikianza, munakimbiaka kuficha nini ya kwanza?"

Yule bwana alianza kujibu, kisha akakumbuka mifuko aliyoiacha uani. Mama Domitille alimsaidia kuibeba, wakawa kijivu kwa saruji wote wawili. Habari ya maturubai aliitaja wiki iliyofuata.

Si kila mara mambo yalimwendea vizuri. Mama Immaculée, kiongozi wa wamama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa, ufukweni, alimpa kazi ya majaribio. Atelie ilishona kama ilivyozoea kushonea malori: turubai zito, lililobana kila upande. Mvua ilinyesha, tone moja halikupita, na ndagala wote wakatoka jasho chini yake wakaoza. Harufu ilifika barabarani.

"Umefunika samaki yetu sawa vile simenti!" Mama Immaculée alimfokea, akimrushia turubai. "Nani atanunua hii sasa? Kwenda na bashi yako!"

Mama Domitille aliumia sana. Habari ile ingezunguka soko zima, na msimu ulikuwa ukienda. Hata hivyo alirudi ufukweni na kuomba jambo moja tu: mvua nyingine ikija, asimame nao. Ilipokuja, alishika pembe moja ya turubai jepesi juu ya kichwa, wamama wengine wakashika zilizobaki, na hapo akausikia upepo wa ziwa ukipita katikati, juu ya samaki na chini ya turubai. Mikono ilikufa ganzi, wakaanza kucheka. Kesho yake Papa Léon alishona turubai lenye matundu ya nguzo pembeni, ili liinuke na upepo upite. Wamama waliliagiza, kisha wanunuzi wao wa Kongolo nao wakaja kuuliza lilishonwa wapi. Msimu ulipokwisha, kila fundi alikuwa bado kwenye mashine yake.

Septemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Kilichomnyima raha hakikuwa maumivu. Aliogopa kwamba wateja ni wake yeye, si wa atelie, na kwamba wangezikwa naye. Basi Januari alimwambia mume wake apande boti aende Moba kutafuta mteja. Papa Léon, anayejificha nyuma ya mashine mgeni akiingia! Alikataa, akabembelezwa, akaenda.

Alirudi na komande, yaani oda, ya mwenye ghala la maharagwe. Mama Domitille aliketi kitandani, macho yanang'aa. Maharagwe yanatoka wapi, ni kule milimani Pepa? Nani anayabeba? Bwana huyo anacheka au ni mkali? Mke wake anaitwa nani? Papa Léon hakujua hata moja.

"Léon! Umefika mpaka Moba, na umerudia na komande tupu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Rudia Moba. Umuulize."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka hamsini na sita.

Anaacha mama yake, Mama Élisabeth, watoto wake Éliane, Blanchard na Aimée, wajukuu wanne, na mafundi wote wa atelie. Anamwacha pia mume wake, Papa Léon, ambaye ametuomba tuseme kwamba baada ya matanga atapanda boti ya Moba.

Mama Domitille, Mungu akupokee katika amani yake, na akuvumilie.