Jua Limepiga Chafya

Wajukuu zangu, kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa mpima ardhi aliyekumbatia chombo chake na binti ambaye kazi yake ni kulichunguza jua kila siku na kutabiri litatuletea nini. Nikaacha kufuma.

"Kaka, kesho usipime," binti alisema. "Jana jua lililipuka. Mwanga tuliuona jana ile ile, lakini wingu la sumaku lililotoka nao bado liko njiani. Likifika litavuruga mawimbi ya setelaiti, na chombo chako kinachoyategemea kitakudanganya."

"Dada yangu, ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Wamekubali kunisubiri hadi kesho tu, kisha mapanga. Niwaambie jua limekataa?"

"Ukikosea hatua mbili, hayo mapanga umeyanoa wewe."

"Una hakika litatufikia?"

"Sisi hatusemi hakika. Tunasema huenda. Linaweza kutupita pembeni."

"Basi na mimi huenda nikapima."

Kitendawili, wajukuu zangu: kapiga chafya jana, mafua yako njiani. Miaka yote nimelianikia nguo jua hili, kumbe lina pumzi, na pumzi yake inasafiri.

Treni ikasimama. Mpima akashuka, akabaki jukwaani simu mkononi, hawapigii wale ndugu wala hairudishi mfukoni. Juu yake mbingu ilikuwa nyeupe pe, imetulia, na kitu kinakuja.