Nilivyomhesabia Mwenzangu Masaa

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenivumilia. Mnanijua mimi ni fundi wa magari hapa Emali. Leo nataka niwaambie vile wivu ulinishika shati, na sitataja mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini gereji ya maana upande ule wa barabara ilikuwa moja, yangu. Na pesa ya ufundi nilikuwa naipima kwa macho. Unaingia, naangalia viatu vyako kabla sijaangalia injini. Mwenye viatu vya kung'aa alikuwa na bei yake, na mwalimu mwisho wa mwezi alikuwa na yake. Halafu kulikuwa na kulaza. Kazi ya masaa mawili nailaza mpaka kesho, kwa sababu gari likilala gereji mwenyewe anaamini lilikuwa mgonjwa sana. Msicheke, wengine wenu mlilipa.

Basi akaja fundi mwingine, akajenga kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara, akatundika saa ya ukutani kwenye nguzo. Alikuwa na daftari. Ndani ameandika kila kazi na masaa yake: klachi ya pikapu masaa manne, breki masaa mawili. Saa moja ilikuwa na bei moja, uwe daktari au uwe mchunga mbuzi. Anakwambia jumla kabla hajashika spana.

Watu wakavuka barabara. Ndugu zangu, nawaambia, niliumia. Chai yangu ilikuwa inapoa nikihesabu magari ya mtu. Nilichukia ovaroli yake kwa sababu ilikuwa safi. Akicheka na mteja, mimi huku nasikia kama ananicheka. Hata kanisani nilikuwa namwangalia nione ametoa sadaka ngapi.

Siku moja nikaona pikapu ya klachi imeingia kwake. Nikavua saa yangu ya mkono, nikaiweka kwenye goti, nikakaa kwenye tairi kuukuu nikimhesabia. Kazi yangu mwenyewe iko wazi hapo nyuma na sijaigusa. Akamaliza kwa masaa mawili na nusu. Akapokea pesa ya masaa manne, kama daftari lake lilivyosema.

Nilifurahi vibaya sana. Nikavuka barabara siku ya soko, watu wamejaa, nikasema kwa sauti, "Huyu ni mwizi. Amekula saa moja na nusu ya mtu, nimemhesabia mimi mwenyewe."

Yeye akapangusa mikono polepole. Akasema, "Nikimaliza haraka, faida ni yangu. Nikichelewa, hasara ni yangu. Mwenye gari analipia klachi."

Mzee mmoja Mwislamu, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini, akasogea. Akaniambia, "Fundi, mwezi uliopita alinitengenezea klachi mimi. Bolti mbili zilikatika ndani, akahangaika kutoka asubuhi mpaka jioni. Akanitoza masaa manne. Wewe kazi hiyo hiyo uliilaza siku tatu, na nikakulipa siku tatu."

Watu wakanicheka mpaka nikashindwa kuvuka barabara kurudi kwangu.

Lakini lile neno mwizi lilikuwa limetoka, na neno kama hilo halikosi wa kulibeba. Kuna wateja hawakurudi kwake tena. Wala hawakuja kwangu. Nikamwambia mama watoto ile habari, nikiwa nimeipindua kidogo, nikasema fundi wa ng'ambo ameshikwa akiiba. Akanitazama, akauliza, "Kama ni kweli ameiba, mbona wewe umefurahi hivyo?"

Nilikaa na swali hilo wiki nyingi, gereji tupu, mpaka nikauza jeki yangu kubwa ili watoto wale. Wivu haukuwa umemnyang'anya yeye chochote cha kunipa mimi.

Mwishowe nikaenda kwake, kofia mkononi. Nikamwomba anionyeshe vile anapiga hesabu. Hakuniuliza kitu. Alinipa daftari na kalamu, nikanakili kazi moja baada ya nyingine, na pale nilipokosea akanisahihisha. Tukanywa chai. Ile siku ya soko hakuitaja hata kidogo, na mimi sikuitaja. Na nitawaambia ukweli, wapendwa: nilitoka pale nikimwonea wivu zaidi, sasa namwonea wivu roho yake.

Tangu hapo nataja bei kabla ya kufungua boneti, na bolti ikikatika mkononi mwangu ni shida yangu. Gereji ikarudi kusimama. Namshukuru mama watoto kwa swali lake, namshukuru yule mzee wa ng'ombe aliyenisema waziwazi. Na wewe kijana au mama uliye na biashara, ukijikuta unahesabu masaa ya mwenzako, jua kazi yako imelala.

Limebaki jambo moja, na ndilo limenisimamisha hapa. Nilimwomba msamaha moyoni tu, miaka yote hii. Lakini jina lake nililichafua mbele ya watu, na moyoni mwangu hakuna watu. Kwa hivyo, ndugu yangu, popote ulipoketi humu ndani, sikia wakisikia wote: hukumwibia mtu. Nilisema uongo, na nilijua ni uongo nikiusema.