Unawahesabia Nani?

Benchi lilikuwa ubao juu ya matofali, nje ya duka la Dawudi fundi cherehani, pale Mengo, ng'ambo ya barabara kutoka shule ya chekechea. Kaltumi, muuza kahawa, alitua birika lake hapo kila alasiri, na wenye benchi walikuwa watatu: Dawudi mwenyewe, Mganda aliyeitwa Sindano, Mumbere, muuza vitenge kutoka Zaire, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Owuor, fundi magari, Mjaluo wa Kisumu aliyetimiza mwaka wa kumi Kampala, wakimwita Spana. Ilikuwa Julai ya 1976. Redio ya kweli, ya serikali, iliwatukana Wakenya asubuhi na jioni kwamba ni majasusi wa adui, na Owuor alikuwa amejifunza kucheka kabla hajachekwa.

Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya nne wakimzungumzia Loice Nanyama. Binti huyo alitoka Kenya kwa mpango wa kanisa, akajitolea mwaka mzima kuwa mwalimu msaidizi wa chekechea: kufunga watoto vifungo, kuwafuta kamasi, kuwaimbisha. Mshahara hakuwa nao, ila chumba na chakula. Kila saa tisa alisimama langoni na daftari, akihesabu watoto kadiri wazazi walivyowachukua, asipotee hata mmoja. Tangu Jumatatu hakuonekana.

Dawudi alishikilia kwamba amerudi kwao, kama Wakenya wengi waliopanda basi kimyakimya.

— Mgeni siku mbili, ssebo, ya tatu mpe jembe. Mwarimu amekimbia jembe.

Mumbere akakataa. Ameolewa, akasema. Kuna tajiri wa dhahabu kutoka Butembo, amemvusha mpaka.

— Mapenzi ni kikohozi, bana, hayafichiki. Miye nilimuona huyo tajiri na macho yangu.

Walipombana aeleze sura yake, alidai alimwona mgongo tu. Dawudi hakutaka kushindwa. Akaegemea mbele, akapunguza sauti. Nani, aliuliza, anaacha kwao kwenda nchi ya watu kufuta kamasi za wana wa wenzake bure? Na zile nyimbo za vidole je? Kidole kimoja ni bunduki, viwili ni ndege. Watoto wanaimba, hawajui wanapeleka habari.

— Si urisema wewe mwenyewe, Spana? Kwamba anatuhesabu?

Owuor aliinamia kikombe chake. Kweli alisema. Wiki mbili nyuma, redio ikiwaka, macho ya benchi yalikuwa yamemgeukia yeye, Mkenya pekee hapo. Akatafuta pa kuyapeleka, akamwona Loice langoni na daftari lake. "Yule hahesabu watoto," akasema, "anatuhesabu sisi." Benchi lilicheka. Siku hiyo alikuwapo pia mnywaji mmoja asiyejulikana na mtu, akacheka kuliko wote, akamaliza kahawa yake akaenda zake. Hakuonekana tena. Tangu Jumatatu Owuor alikuwa akijiambia kwamba mzaha ni mzaha, na usingizi ulikuwa haumjii.

Hapo akavuka barabara Perpétue, Mkongo aliyepika uji wa shule. Hakuwahi kukanyaga kijiweni. Alisimama mbele yao, karatasi mkono huu, kalamu mkono huu, akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogopa, yale aliyokatazwa kuyasema. Jumatatu, watoto wakinywa uji, liliingia gari lisilo na namba. Walishuka watu wawili, wakachukua daftari, kisha wakamchukua mwalimu.

— Walimuuliza, "Unawahesabia nani?" Akasema, "Mama zao." Wakamupiga kofi mbele ya watoto.

Mumbere alivua kofia. Dawudi akatazama ndani ya duka lake, kana kwamba ameitwa.

— Mwalimu mukubwa anaogopa kuandika, Perpétue akaendelea. Miye nitaandika. Iko mutu anakwenda Busia kesho, atabeba barua. Kwao ni wapi? Baba yake anaitwa nani?

Mumbere akasema labda Bungoma. Dawudi akasema alisikia Kitale. Watu waliojua habari za tajiri wa Butembo na siri za nyimbo za vidole hawakujua kijiji. Perpétue akamgeukia Owuor, kwa kuwa ndiye wa nchi moja na mwalimu. Owuor alikuwa amesalimiana na binti huyo karibu kila asubuhi kwa miezi sita. Hakuwahi kumwuliza.

Owuor alipofungua kinywa, likatoka neno jingine.

— Mimi ndiye niliyesema anatuhesabu.

Perpétue alimtazama. Hakuonyesha hasira.

— Hiyo sikuuliza, papa. Nimeuliza kwao ni wapi.

Akabaki amesimama, kalamu juu ya karatasi, akingoja.