Shairi la Mwisho la Mwalimu Justus

Tangu asubuhi ile Mwalimu Justus alipofariki, mkewe Flavia alijifariji kwa jambo moja: mumewe hakujua kwamba anakufa. Sasa, ndani ya basi la Nzega, wanafunzi wawili wa marehemu walikuwa wakibishana kwenye kiti cha mbele yake bila kumtambua.

“Lile shairi la kumuaga mke alilotusomea darasani lilimhusu yeye mwenyewe, Tobias. Alijua anakufa.”

“Acha wewe, Lukumani. Alitufundisha kwamba anayesema ndani ya shairi si mtunzi. Ulikuwa umesinzia.”

“Siku ile tulitoka shamba la shule, kweli nilisinzia. Lakini nilimsikia akisema, ‘Hili mke wangu asilisikie.’”

Flavia alikikumbatia kikapu chake.

Basi likasimama Ipuli. Wakashuka, bado wakibishana. Flavia akaendelea hadi Lusu kwa mama mkwe wake, ambaye kila wakionana humwuliza kama mwanawe alijua kwamba anakufa, naye siku zote humjibu hapana.