Mzee Darubini na Miguu ya Pinki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi pampu wa bwawa la maji, Mzee Darubini, aliyetuacha Jumanne ya wiki iliyopita. Wengine wetu tukiona bata tunawaza sufuria. Yeye aliwaza jina.

Kwa miaka thelathini na minne alihesabu ndege wa mwituni wanaotua bwawani kila baridi ikianza. Binti yake kitinda mimba, ambaye sasa ni fundi cherehani, alianza kumfuata akiwa bado na mapengo. Mzee akamfundisha kutofautisha bata maji: mwenye shingo ya kupinda na kinundu juu ya mdomo wa rangi ya chungwa, huyo mpole, hana makelele. Mwenye shingo wima na mdomo wa njano, huyo anapayuka kama shangazi yako. Shangazi yupo, ananisikiliza, anisamehe.

Kazi ilikuwa kwa bata bukini. Wako wa aina mbili, wote kichwa cha kiza, wote mgongo wa kahawia, utadhani Kurwa na Doto. Tofauti iko miguuni: hawa pinki, wale chungwa. Na miguu ya bata, wasikilizaji, iko majini. Ndiyo maana Mzee alikuwa na sheria: usiandike ndege ambaye hujaona miguu yake. Ishikeni hiyo miguu.

Binti alipokuwa na miaka kumi na tisa, ameshaanza kujifunza cherehani, Jumapili moja, mbele ya wageni waliokuja kuhesabu, aliandika daftarini: bata bukini wa miguu ya pinki, ishirini na wawili. Miguu aliiona mara moja tu, walipokuwa wakitua. Mzee, ambaye hakuiona, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu yake.

"Haya ni macho ya cherehani," akasema. "Yanaona uzi, hayaoni ndege."

Wageni wakacheka. Binti akavua darubini shingoni, akaiweka mezani. Hakukanyaga tena bwawani miaka kumi na moja.

Miaka kumi na moja, wasikilizaji. Lakini kila mwaka bata wakirudi, simu yake ililia. "Wamefika," baba anasema. "Sawa, baba," anajibu. Basi, imekatwa. Binti aliwatania wateja wake kwamba yeye ndiye ofisi ya takwimu za bata.

Jumanne ile simu ililia akitia zipu gauni la bibi harusi. Akaiacha ilie. Bata hawaendi popote, alijiambia. Kabla ya adhuhuri walimkuta Mzee ameegemea pampu, simu mkononi. Moyo.

Baada ya mazishi mama alimletea daftari, akamfungulia ukurasa wenye mstari mwekundu. Chini yake, kwa tarehe ya siku iliyofuata, Mzee alikuwa ameandika: "Wamepanda ukingoni. Nimeona miguu. Pinki, ishirini na wawili. Mtoto alisema kweli."

Binti akauliza kwa nini hakumwambia.

"Baba yako kuomba radhi hakujui," mama akasema. "Kila mwaka alikupigia kukuambia hilo hilo. Wewe ukasikia habari za bata."

Kesho yake alfajiri alikwenda bwawani. Bata walikuwa majini, miguu haionekani. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, ndoo ya baba yake, saa tatu nzima, mpaka mmoja akapanda ukingoni akijikung'uta, wenzake wakafuata. Akaandika. Kisha akapiga namba ya baba. Simu ilikuwa mkobani mwa mama, jikoni. Mama akapokea, akasikia kwikwi kwanza.

"Wamefika."

"Sawa, mwanangu," mama akasema, na hakukata.

Kwa mama, kwa binti, na kwa shangazi wa shingo wima: poleni sana, msiba wenu tumeubeba nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize, nani anatupigia akitaja bata, na moyoni ana jingine? Gauni lile lilitiwa zipu, likavaliwa, likavuliwa. Lingeweza kungoja.