Zizi Lililosogezwa Mlangoni

Siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 2016, saa kumi na mbili asubuhi, Mama Tabitha Chesang alimaliza kukama, akaweka ndoo kando, akataka kuinuka kwenye kigoda, na magoti yakakataa. Mumewe, Mzee Kimeli, alimnyanyua wakicheka wote wawili, wakidhani ni baridi tu ya Njoro.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1948 huko Olenguruone, akasoma hadi darasa la nne, akabatizwa mwaka wa 1965, na tarehe 7 Desemba 1968 akafunga ndoa na Mzee Kimeli, wakahamia Njoro, Mungu akawajalia Kipkemboi, Jepleting na Emmy. Kazi yake ilikuwa ng'ombe wa maziwa, na tangu magoti yaanze kumsumbua aliomba jambo moja tu, kwamba afike zizini mwenyewe hadi mwisho.

Mzee alimchongea fimbo. Mwaka wa 2018, baada ya mazoezi ya viungo hospitalini Nakuru, mama aliiacha fimbo hiyo, akatembea hadi kanisani, familia ikatoa sadaka ya shukrani. Lakini Mei 2020 alianguka, akavunjika nyonga, akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Hapo Mzee akaanza kusogeza vitu, choo kikaja karibu, jiko likaja karibu, mwishowe akang'oa zizi lenyewe, akalijenga mbele ya mlango, na mama akamtania, "Baba Kipkemboi, sasa umebakisha kanisa tu." Mwezi uliofuata, ibada ya Alhamisi ikahamia sebuleni.

Mwaka wa 2023 vidole navyo vikafa ganzi. Mzee akakama yeye, mama akiongea na ng'ombe kutoka dirishani ili ateremshe maziwa, na Mzee hakujua tena asogeze nini. Januari mwaka huu wa 2025 kifua kilimbana mama, na Jumatatu, tarehe 3 Februari, saa tisa mchana, akatuacha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba mama kwenye matope hadi barabarani, na wenzake wa ushirika wa maziwa.

Kaburi, Mzee ameomba lichimbwe hapa kando ya zizi, si kule chini shambani walikolala wazazi wake, kwa sababu, anasema, kule ni mbali kwa mama.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Tabitha, umpumzishe, maana sisi tumesogeza tulivyoweza, tukafika mwisho. Huko kwako, Baba, mjalie ainuke mwenyewe. Amina.