Papa Hilaire Lifeta na Makaratasi ya Mayi

Baba padri, sheikh wetu, ndugu mliopanda mto kutoka Isangi, wafanyakazi wa kampuni ya maji wa zamani na wa sasa, majirani wote, mimi ni Lukumani Asumani, kaka wa mjane, yaani shemeki wa marehemu, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu watoto wake wanalia, na mimi nimezoea kumsema tangu siku alipomwoa dada yangu. Mkiniona nacheka katikati mniwie radhi, yeye mwenyewe angenuna kama ningemsindikiza kwa uso mkavu.

Marehemu alizaliwa Isangi tarehe 14 Januari 1926, siku ya Mtakatifu Hilaire, ndiyo maana misioni haikuhangaika kumtafutia jina, akiwa mtoto wa tatu wa papa Lifeta, mchuuzi wa samaki wa kukausha aliyepanda na kushuka mto kwa pirogi, na wa mama Berthe, ambaye wengine hapa bado wanaikumbuka sauti yake. Sheria ya nchi ilikuja baadaye ikataka majina ya kizungu yaachwe, kazini akawa Lifeta, lakini nyumbani hakuna aliyefaulu kuacha kumwita Papa Hilaire, na mimi leo sitajaribu.

Alianza shule ya misioni pale Isangi mwaka 1934, akaletwa Stanleyville, kama mji wetu ulivyoitwa, mwaka 1941, akakaa kwa mjomba wake na kusoma kwa mabruda mpaka Julai 1946, akatoka na cheti kizuri, mwandiko wa kuvutia, na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuponya, nao ni kwamba hakuweza kusema jambo lisilokuwa hivyo, hata la kumfurahisha mgonjwa.

Tarehe 1 Machi 1948 aliingia kazi katika kampuni ya maji, akawekwa chumba cha nyuma, chumba cha akiba za karatasi, mahali zilipolala ramani za mabomba yote kutoka mto Tshopo hadi mtaa wa mwisho, ripoti za waliochimba, na michoro ya zile koki kubwa za chini ya ardhi ambazo mtu akitaka kuzifunga lazima kwanza ajue zimezikwa wapi. Wenzake waliona chumba kile ni adhabu, yeye akakiona ni bahati, akakipanga upya mtaa kwa mtaa, akawa anakizungumzia mezani kwetu mpaka mama yangu akauliza kama kampuni haina kazi nyingine ya kumpa kijana huyu.

Nasema mezani kwetu kwa sababu alikuwa ameshamwona dada yangu Safi, binti Asumani, na hapo palikuwa na neno, maana sisi ni Waislamu tangu babu wa babu zetu waliokuja na biashara, na yeye alikuwa mwimbaji wa misa. Siku ya kuposa, baba yetu mzee Asumani alimwuliza, kama mtu wa kampuni, ni lini bomba la maji litafika mtaani kwetu, na mchumba mwingine yeyote angejibu mwakani inshallah, akanywa chai yake, lakini Hilaire alijibu kwamba yeye ni mtu wa makaratasi, si mtu wa mabomba, na kwamba katika makaratasi mtaa wetu haumo. Tuliona ameharibu, lakini baba akasema kwamba mkwe asiyeweza kudanganya hata akiwa anaomba mke, huyo anaweza kupewa binti. Walioana tarehe 12 Septemba 1953, kila mmoja akabaki na sala yake, na sufuria za nyumbani zikabaki za dada yangu.

Mungu aliwapa watoto wanne, Georgette mwaka 1954, Lambert mwaka 1957, Micheline mwaka 1961, na wa mwisho Asumani mwaka 1966, aliyechukua jina la baba yetu, na wajukuu ambao leo wamejaza uwanja huu.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960 tulicheza, kisha Julai Wazungu wa kampuni wakaondoka kwa haraka, na mkurugenzi akampa Hilaire ufunguo wa chumba cha nyuma kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Siku zile karatasi ya Mzungu ilikuwa ya kufungia karanga, na dada yangu, ambaye alikuwa akiuza mikate sokoni, aliomba karatasi kuukuu tu, zile za zamani zisizosomwa na mtu, akanyimwa hata moja. Akamwambia mumewe kwamba wateja wake wanaungua vidole kwa ajili ya mabomba, na kwa juma zima mtu huyu alikula chakula bila mchuzi. Akiba haiozi, ndivyo alivyojibu, na mchuzi ukaendelea kukosekana.

Sasa nafika mwaka 1964, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo maisha yake yalipoinamia upande mmoja. Mwanzoni mwa Agosti Simba waliingia mjini, wapiganaji walionyunyiziwa maji ya dawa, walioamini kwamba risasi ikiwafikia inageuka maji, na walioshambulia wakiita mayi, mayi, yaani maji, na wenye kalamu mfukoni walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Asubuhi ya tarehe 20 Agosti kundi lao lilifika kwenye kampuni na petroli, kuchoma makaratasi ya Wabelgiji, likamkuta Hilaire mlangoni na ufunguo wake mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije kazini. Mkubwa wao alimwuliza ndani mna nini. Jina la chumba kile yeye alikuwa amelijua kwa Kifaransa tu, na Kifaransa siku ile kilikuwa kifo, basi akatafuta maneno ya nyumbani, akasema ukweli jinsi alivyoujua.

"Iko makaratasi ya mayi."

Aliniambia mara nyingi kwamba hapo ndipo aliposikia mwenyewe alichokisema. Yule mwenye petroli aliliweka dumu chini, mwingine aliyekuwa amekanyaga kizingiti akarudisha mguu wake nyuma polepole, maana kwao mayi haikuwa ya bomba, ilikuwa ile ya dawa, uhai wao na miiko yao, na nani angechoma makaratasi yake. Mkubwa wao akamtazama muda mrefu, akaamuru mlango ufungwe, likafungwa kuti la mchikichi mbele yake, na ikawa marufuku mtu yeyote kuingia. Hilaire angeweza kusema, hapana, ni mabomba tu. Alinyamaza, makaratasi yakabaki mazima, na yeye pia, akarudi nyumbani akakataa chakula, si kwa kuogopa kufa, bali kwa kuwa amedanganya.

Ulimi hauna mfupa, na maneno ya mtaani hayana hata ulimi. Wapiganaji wakaanza kumwamkia njiani kwa heshima, wakimwita docteur ya mayi, na jeshi liliporudisha mji mwishoni mwa Novemba, kuna mtu alikwenda kusema kwamba Lifeta alikuwa mganga wa waasi, mwenye kuwanyunyizia maji yao. Akakamatwa tarehe 2 Desemba, akapelekwa kwenye kambi moja ambayo wengi walioingia hawakutoka, na tulipomtuma mtu ampelekee chakula, akarudi na habari kwamba Hilaire ameulizwa kama kweli alisema makaratasi ni ya mayi, naye amejibu ndiyo, nilisema. Nilimkasirikia siku ile, na Mungu anisamehe, nilisema mtu mwenye ukweli wa namna hiyo hafai kuwa na watoto.

Dada yangu hakukasirika, alichukua ndoo. Alikwenda kambini asubuhi ya tarehe 9 pamoja na wanawake wa sokoni, nami nyuma yao kwa kuwa niliona aibu kubaki, akaijaza ndoo ile kwenye bomba la kambi yenyewe, mbele ya askari, akaibeba mpaka kwa kapiteni na kuiweka mezani kwake juu ya karatasi zake.

"Mayi yenye unamufungia bwana yangu iko hii," akamwambia. "Basi nawe ulinawa nayo leo asubuhi."

Kapiteni akaangalia ndoo, akaangalia karatasi zake zilizolowa, akaita mtu wa kampuni kuuliza, akaelezwa, na kabla ya adhuhuri shemeki yangu alikuwa nje, amekonda, anamwuliza mkewe kama ile ndoo ilikuwa na ruhusa ya kuingia ofisini.

Alirudi kazini juma lilelile, kwa kuwa vita vilikuwa vimepasua mabomba mahali pengi, mafundi wakahitaji ramani zake, na zilikuwepo zote. Mji ulipoitwa Kisangani, na barabara zikabadilishiwa majina, aliandika kila jina jipya kwa penseli chini ya la zamani, bila kufuta lolote, na mwaka 1969 bomba la mtaa wetu lilipofika hatimaye, alikuja na ramani kumwonyesha baba yetu kwamba sasa mtaa umo. Alistaafu tarehe 31 Desemba 1983, akamkabidhi ufunguo mama Florentine, aliye hapa kati yetu, na akaendelea kwenda kumtembelea, yeye au chumba, sijui.

Lakini lile neno halikumwacha. Kila Pasaka aliliungama, kwamba aliokoa nafsi yake na makaratasi kwa udanganyifu, tena kwa kutumia imani ya watu ambao wengi wao walikwenda kufa wakiiamini, na mwaka 1971, kama alivyotusimulia mwenyewe kwa uchungu, padri wa wakati ule alimwomba alete dhambi nyingine. Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Nilimwambia sikusudii kumfundisha dini yake, lakini Mungu si karani, akanijibu kwamba mimi sijui makarani.

Alianza kuugua figo Desemba iliyopita, akalazwa mara mbili, na mwezi wa Februari, akiwa amerudishwa nyumbani, alikuja mzee mmoja mgeni, mchuuzi wa mpunga kutoka Maniema, akasema anaitwa Sikujua, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale Simba mlangoni. Dada yangu alitaka kumfukuza. Mgonjwa akasema aletewe kiti, na kabla mgeni hajasema lolote, Hilaire akamwomba msamaha. Papa Sikujua alikataa, akasema alisoma shule ya misioni kabla ya kushika silaha, na juu ya ule mlango palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa mlikuwa na nini ndani.

"Mimi nilisoma, papa. Nilijua iko mabomba. Mji bila mayi, tungeutawala na nini? Kama ningeliwaambia vijana wangu, wangelichoma. Ule uongo uko wangu, unirudishie."

Jina lake Sikujua, na alijua. Shemeki yangu alimtazama, kisha akacheka hata tukaogopa kwa ajili ya figo zake, akashika mkono wa yule mzee na hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Jumapili ya Matawi, tarehe 27 Machi, padri alikuja kumpaka mafuta na kumwungamisha, nasi tukatoka nje kama desturi, tukavuta viti, maana maungamo ya Papa Hilaire kabla ya Pasaka tunayajua urefu wake. Hatujakaa sawasawa, mlango ukafunguliwa. Padri alisimama pale anatabasamu, na dada yangu akaanza kulia, kwa furaha, kwamba lile neno limemwacha, na siku mbili baadaye, Jumanne tarehe 29 Machi 1988, saa nne ya asubuhi, marehemu alituacha akiwa usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kulala nasi matangani, kampuni ya maji na wafanyakazi wake, kwaya, jamaa wa msikiti waliochimba kaburi la Mkristo bila kuombwa, na papa Sikujua, ambaye ameomba kushika jeneza upande wa kichwa, na familia imekubali.

Nenda, shemeki, pumzika kwa amani, wewe uliyesema kweli tupu siku ile.